Kuishi na Boerboel nyumbani: mwongozo kwa familia ya Tabora

Haipiti wiki bila mtu kusimama getini kwangu hapa Ipuli, akamchungulia Bonge kupitia upenyo, kisha akaanza maswali yaleyale: anakula kiasi gani, hawezi kumdhuru mtoto, na mimi nitampata wapi? Mafundi wa bomba wao huwa na swali moja tu: "Mmemfunga?" Nimejibu mara nyingi mno nikiwa nimeshika ndoo ya maji. Sasa nimeandika, atakayeuliza nitamtumia asome.

Bonge ni Boerboel jike, ana miaka 5 na kilo 62. Alifika akiwa na wiki 9, ndani ya tenga la nyanya, na tenga likabaki na nafasi. Leo akisimama kidevu chake kinalala juu ya meza ya chakula bila kunyoosha shingo.

Kwa ufupi tu: Boerboel ni mbwa wa Afrika Kusini. Kwa Kiafrikana "boer" ni mkulima, na wakulima ndio waliomfuga, akae shambani na familia, mbali na majirani, awalinde watu na mifugo. Chama cha wafugaji wake kiliundwa huko mwaka 1983, mbwa wenyewe wakiwa wamekwishakuwepo muda mrefu. Dume hufika sentimita 60 hadi 70 begani na kilo 60 hadi 80, jike hupungua kidogo. Huishi kama miaka 9 hadi 11. Na si kila mahali anakaribishwa: Denmark ilipiga marufuku ufugaji wake mwaka 2010. Nakwambia hilo usije ukadhani unaleta nyumbani mbwa koko mwenye mwili mkubwa.

Jambo linalowaponza wengi ni hili. Mtoto wa Boerboel ana miezi michache tu ambayo wewe ndiye mwenye nguvu. Akifikisha miezi 6 anakaribia kilo 35 au 40, na bado ana akili za mtoto. Kwa hiyo kila unachotaka ajue, mfundishe wakati bado unaweza kumbeba. Hatua karibu zote hapa chini zinatokana na hapo.

MAHITAJI KABLA HUJAMLETA

- Uzio wa kweli. Ukuta wa futi 6 unatosha. Michongoma haitoshi, na senyenge iliyolegea ataisukuma kwa kifua mpaka nguzo ilale. Boerboel si mrukaji sana, ni msukumaji. Geti liwe na komeo la ndani na la nje.
- Kivuli cha kutwa nzima. Hapa Tabora wengi tuna mwembe uani, na huo ndio banda bora la mchana. Nitaurudia mwembe baadaye, una hila zake.
- Banda la usiku lenye sakafu iliyoinuliwa, la kumtosha kusimama na kujigeuza akiwa mkubwa. Ukijenga kwa kipimo cha mtoto utajenga mara mbili.
- Kitu laini cha kulalia: magunia yaliyojazwa nyasi au godoro kuukuu. Mbwa mzito akilala kwenye sementi tupu, viwiko huota sugu, baadaye hujaa maji.
- Sufuria mbili nzito. Za plastiki atazitafuna ndani ya wiki moja. Maji ya mbwa aliyekomaa ni lita 4 hivi kwa siku, na Septemba na Oktoba huzidi hapo.
- Mkanda mpana wa shingo na kamba imara ya mita 2. Mnyororo uache dukani.
- Namba ya daktari wa mifugo, iwe kwenye simu yako tayari. Mpigie kabla, umuulize kama anatibu mbwa. Wataalamu wengi huku wamezoea ng'ombe na kuku, na si wote wana chanjo za mbwa kwenye friji.
- Hesabu ya chakula. Bonge anatumia kama kilo 15 za unga na kilo 7 za dagaa wakavu kwa mwezi. Piga bei za soko lako, kisha zidisha kwa miaka 10. Bei ya kumnunua ni hesabu ndogo kuliko hiyo.
- Kauli moja ndani ya nyumba. Kama mama watoto hamtaki, au mwenye nyumba uliyopanga hajakubali, simama hapo kwanza.

HATUA KWA HATUA

1. Mwone mama kabla ya mtoto

Nenda kwa muuzaji, omba kumwona mama wa hao watoto. Ukiambiwa mama amesafirishwa, au amefungwa kwa sababu ni mkali, aga uondoke. Unachotaka ni jike anayekutazama, anakuja kukunusa, kisha anaendelea na shughuli zake. Mwangalie akitembea: asiyumbe nyonga wala asiruke kama sungura kwa miguu ya nyuma. Ugonjwa wa nyonga na viwiko huwapata sana mbwa wakubwa na hurithiwa.

Wengi wanaouzwa kwa jina la Boerboel ni machotara, na chotara si dhambi. Ila usilipe bei ya mbwa halisi kwa chotara. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, chukua jike. Na asiachishwe mama kabla ya wiki 8, hata muuzaji akikuhimiza vipi. Wiki hizo za mwisho na ndugu zake ndizo zinazomfundisha kwamba kung'ata kunauma.

2. Safari

Huku kwetu mtoto wa Boerboel mara nyingi hutoka Arusha, Mwanza au Dar es Salaam. Ulizia ofisi ya mifugo ya anakotoka kuhusu kibali cha kusafirisha, na dai kadi ya chanjo. Asile chochote saa chache kabla ya safari. Maji madogomadogo njiani yanatosha. Kwenye vituo vya basi usimshushe akanyage chini, kwa sababu parvo, kirusi kinachoua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo miezi mingi na mtoto huyu bado hajamaliza chanjo.

Kosa la kawaida: kumweka kwenye buti la basi, chini kwenye mizigo. Joto la mle linaua. Bora ulipie kiti.

3. Wiki mbili za kwanza

Mweke alale karibu na watu, sebuleni au kwenye korido, si bandani peke yake. Atalia usiku wa kwanza na wa pili. Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, na kabla ya kulala, mahali palepale kila mara, na akimaliza haja msifu pale pale. Akikosea ndani, futa na unyamaze. Ile tabia ya kumsugua pua kwenye mkojo haimfundishi kitu zaidi ya kukuogopa mkono.

Mpe jina la silabi mbili. Sisi tulitaka kumpa jina refu la kishujaa, binti yangu wa miaka 4 akashindwa kulitamka, akamwita Bonge, na mbwa akaitika hilo.

4. Chanjo, minyoo na kupe

Chanjo ya mchanganyiko, yenye parvo na distempa, huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huchomwa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka bila kuruka. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, na karibu na tarehe hiyo halmashauri nyingi huendesha chanjo. Sikiliza matangazo ya kata yako.

Dawa ya minyoo mpe kila wiki 2 hadi afike miezi 3, kila mwezi hadi miezi 6, halafu kila miezi 3. Mbwa huyu atacheza na watoto wako mchangani. Minyoo yake ni jambo la familia nzima.

Kupe ndio vita vyetu vya kila siku. Mkague jioni kwa vidole: ndani ya masikio, katikati ya vidole vya miguu, kwapani, chini ya mkia. Tumia dawa ya mbwa uliyopimiwa kwa uzito wake.

Angalizo: usimwogeshe kwa dawa ya kunyunyizia tumbaku. Najua watu wanafanya, kwa sababu mkoa huu dawa hiyo haikosekani stoo na kupe kweli wanakufa. Sumu hiyo hupenya ngozini, naye hulamba manyoya. Ya kuogeshea ng'ombe nayo usiipime kwa kukisia.

5. Mwonyeshe dunia kabla hajafika wiki 16

Ukikosea hapa hakuna dawa. Katika wiki hizo ubongo wa mbwa unaandika orodha ya vitu vya kawaida. Ambacho hakimo kwenye orodha, baadaye atakiogopa, na Boerboel akiogopa hakimbii, anakikabili.

Hajamaliza chanjo, kwa hiyo mbebe. Mimi nilimbeba Bonge kila jioni, nikakaa naye kwenye benchi la duka la jirani kwa dakika 20. Aone bodaboda, aone mama aliyebeba beseni kichwani, mzee wa kanzu na fimbo, mtoto anayeendesha tairi, mtu wa mwavuli, kundi la mbuzi, dada aliyevaa nikabu. Asikie adhana na spika ya mnadani. Kila kitu kipya kikitokea, mpe kipande kidogo cha dagaa. Siku ya kwanza alipitisha pua chini ya kwapa langu akajificha. Kufikia wiki ya tatu alikuwa ananiangalia mimi kila bodaboda ikipita, anasubiri dagaa wake.

Kosa la kawaida, na ndilo kubwa kuliko yote: kumfungia bandani mchana ili "awe mkali", na kumfungulia usiku. Mbwa aliyelelewa hivyo hajui nani ni wa nyumbani na nani si wa nyumbani. Anajua tu kilicho nje ya banda. Siku mtoto wako akitoka chooni usiku, naye ni "kilicho nje ya banda". Ulinzi Boerboel amezaliwa nao, hahitaji kuongezewa. Kinachohitaji kazi yako ni utulivu.

6. Watoto wa nyumbani

Wafundishe watoto kwanza, mbwa baadaye. Kwetu sheria ni nne na wote wanazijua kwa moyo: hakuna kumgusa akila, hakuna kumgusa akilala, hakuna kumpanda mgongoni, hakuna kumkimbia ukipiga kelele. Ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu mbwa huyu anafanana na punda na kila mtoto mgeni anaona ni usafiri. Mgongo na nyonga zake hazikuumbwa kubeba mtu.

Mtoto wa chini ya miaka 6 asiachwe naye peke yao, hata kwa muda wa kwenda kuzima jiko. Si kwa sababu mbwa ni mbaya. Bonge alimwangusha binti yangu mara tatu katika mwezi mmoja kwa mkia na makalio tu, akigeuka kwa furaha.

Jifunze kumsoma. Mbwa asiyependa jambo hugeuza uso, hupiga miayo bila usingizi, hulamba pua, huonyesha weupe wa jicho, mwili unakakamaa. Baadaye ndiyo ananguruma. Akinguruma usimpige. Ondoa mtoto, kisha tafuta kilichomkera. Ukimpiga kwa kunguruma, safari ijayo atanyamaza aruke moja kwa moja kwenye kung'ata.

7. Kamba, kukaa, kusubiri

Amri tatu zinatosha mwaka wa kwanza: "kaa", "subiri", "njoo". Neno liwe moja kwa watu wote. Kama baba anasema "kaa", mama "chini" na shangazi "tulia wewe", mbwa anasikia watu watatu wanaopiga soga.

Anza na wiki ya kwanza, dakika 5 asubuhi na 5 jioni. Chakula hakiwekwi chini mpaka amekaa. Geti halifunguliwi mpaka amekaa. Kamba ikikaza, simama, ikilegea, songa. Siku za mwanzo mtachukua robo saa kufika kwa jirani wa pili. Vumilia, maana ukimruhusu avute akiwa na kilo 12, atavuta akiwa na kilo 60, na siku hiyo wewe ndiye utakuwa upande wa nyuma wa kamba kama jembe la kukokotwa.

Asiruke kwa watu hata akiwa mdogo na mzuri. Wageni watakwambia "mwache tu, hamna shida". Shida ipo, ila ni ya mwakani.

8. Chakula

Mtoto, hadi mwaka na nusu, akue polepole. Wengi wanapenda awe mnene haraka ili wamwonyeshe watu, na hivyo ndivyo miguu inavyopinda. Ubavuni uweze kuhisi mbavu kwa vidole bila kubonyeza. Ukiweza kumudu chakula cha dukani cha watoto wa mbwa wakubwa, agiza Mwanza au Dar. Ukishindwa, ugali laini wa dona, dagaa, yai la kuchemsha mara tatu kwa wiki, maboga au mchicha, milo 3 kwa siku hadi miezi 6, kisha 2.

Usimwongezee unga wa mifupa wala vidonge vya kalsiamu. Najua utaambiwa uongeze "mifupa iwe imara". Mtoto wa mbwa mkubwa hawezi kukataa kalsiamu ya ziada, inaingia na kuharibu ukuaji wa mifupa. Dagaa wanaliwa na mifupa yao, kwa hiyo kalsiamu tayari ipo.

Bonge sasa, akiwa amekomaa, anakula nusu kilo ya unga na robo kilo kasoro ya dagaa kwa siku, kwa milo miwili. Dagaa wa Kigoma wanatufikia vizuri kwa njia ya reli, ila waoshe: mchanga na chumvi havimfai. Utumbo wa machinjioni chemsha mpaka uive kabisa, ukimpa mbichi unampa tegu. Pumba peke yake si chakula.

Na sasa kubwa: mahindi yenye ukungu. Ile ya "haya hatuli, chemshia mbwa" ndiyo inayoua mbwa wengi bila mtu kujua. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, na ini la mbwa huimudu vibaya kuliko letu. Kama wewe huli, naye asile.

Vingine vya kukwepa: mifupa ya kuku iliyopikwa, vitunguu, chokoleti, zabibu.

Halafu mwembe. Novemba na Desemba maembe yanaanguka usiku kucha, na mbwa hawa wanayapenda. Embe halina neno, kokwa ndiyo balaa. Bonge alimeza kokwa akiwa na mwaka mmoja na nusu. Siku mbili alitapika hata maji, tumbo gumu, macho yamezama. Tulimtundikia dripu, na usiku wa siku ya tatu kokwa ikatoka kwa matapishi, nyeupe, imelambwa safi. Mbwa wengine hupasuliwa, wengine hufa. Tangu hapo msimu ukifika watoto wanaokota maembe kabla ya kupiga mswaki.

9. Mazoezi na jua

Mtembeze saa 12 na nusu asubuhi jua likichomoza, na tena jioni likianza kuzama. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni mwache mwembeni. Weka kiganja kwenye lami au mchanga: ukishindwa kukiacha kwa kuhesabu hadi 7, naye asikanyage.

Mtoto asikimbizwe na baiskeli wala kupandishwa ngazi sana. Mifupa yake hufunga akiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Dakika 15 hadi 20 za matembezi ya taratibu zinamtosha akiwa na miezi 4.

Asikimbie saa moja kabla ya kula wala saa moja baada ya kula. Sababu yake iko chini, kwenye habari ya tumbo kuvimba.

10. Majirani

Kabla hajafika, nilipita nyumba sita za karibu kuwaambia. Usilichukulie kwa wepesi. Mji wetu una Waislamu wengi, na wanaofuata madhehebu ya Shafi huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi: kilichoguswa huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Jirani yangu mmoja, mzee wa heshima, hupita getini kwangu kila Ijumaa akiwa na kanzu nyeupe. Mbwa akimlamba mita 200 kutoka msikitini, amemharibia ibada. Kwa hiyo Ijumaa mchana Bonge hatoki, kamba huwa fupi kila tunapopishana na watoto wa madrasa, na hanywi kwenye bomba la pamoja. Mzee huyo sasa hunisalimia mimi kwanza, kisha humuuliza Bonge hali, akiwa upande wa pili wa barabara.

Andika kibao getini. "Mbwa mkali" kimeandikwa kila nyumba hapa mjini, hata zisizo na mbwa. Mimi niliandika "Piga hodi, subiri", na watu wanasubiri.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Tumbo limevimba, anataka kutapika, hakitoki kitu. Anatembea huku na huku, mate yanatiririka, ukigonga ubavu unalia kama ngoma. Tumbo limejaa gesi na huenda limejipinda. Hii ni dharura ya saa chache na huhitaji upasuaji. Mpigie daktari sasa hivi, usimpe maji ya chumvi wala mafuta. Kwa kuwa upasuaji wa namna hiyo si rahisi kupatikana huku, nguvu yako iwe kwenye kuzuia: milo miwili midogo, ale taratibu, apumzike. Kama anafakamia, weka jiwe kubwa safi katikati ya sufuria alizunguke.

Ana homa, hali chakula, fizi nyeupe, mkojo mwekundu au wa rangi ya chai. Fikiria homa ya kupe. Usisubiri kesho kutwa.

Anakonda, na jicho limeingia ukungu wa bluu. Kama alikwenda porini upande wa Sikonge au Urambo, mwambie daktari neno mbung'o. Ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, hushika mbwa pia, na jicho la namna hiyo ni dalili mojawapo. Tabora tuna bahati ya kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Muulize daktari wako kuhusu kupeleka damu huko.

Anachechemea. Mpumzishe siku mbili. Ikiendelea, kwa daktari. Usimpe diclofenac au ibuprofen za kwenye droo yako, zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Anahema kwa nguvu, ulimi mwekundu sana, anayumba. Joto limemzidi. Kivulini, maji ya kawaida tumboni, mapajani na kwenye nyayo, feni ikiwepo, anywe kidogokidogo. Kisha daktari, hata akionekana amepata nafuu.

Mbwa wa nje amemng'ata, au yeye amemng'ata mtu. Jeraha la mtu lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Usipake unga wala mafuta, na usingoje kuona kama mbwa atabadilika tabia. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba. Chukua kadi ya chanjo ya mbwa wako uende nayo.

Amefika miezi 10 na ameanza kukaidi. Ni ujana. Rudi hatua ya 7 kama vile hajui lolote, dakika 5 asubuhi na 5 jioni. Usibadilike ukawa mkali, na usimwachie kijana wa kazi amalizane naye kwa fimbo.

Jike ameingia joto. Kwa kawaida huanza kati ya miezi 8 na mwaka na nusu, na huchukua kama wiki 3. Madume ya mtaa mzima yatalala nje ya ukuta wako. Usimpandishe joto la kwanza, bado mtoto. Kama hutaki kuzalisha, zungumza na daktari kuhusu kumfunga kizazi.

Kuna msiba au sherehe nyumbani. Hili hakuna anayelifikiria mpaka limfike. Tulipofiwa na mama mkwe, uani paliingia watu zaidi ya mia, turubai likafungwa kwenye mwembe wa Bonge, geti likakaa wazi mchana na usiku, na watu wa kijijini walikuwa wanapita nyuma kuchota kuni pale anapolala. Hakuna mbwa wa ulinzi anayeweza kuelewa hilo, na hakuna amri ya "subiri" inayodumu siku tatu. Tafuta mapema ndugu au rafiki mwenye uzio, na mzoeshe Bonge wako kulala huko usiku mmoja kila baada ya miezi miwili. Kapu lake la msiba kwetu limening'inia nyuma ya mlango wa stoo: kamba, kilo 2 za dagaa, gunia lake lenye harufu ya nyumbani, na kadi ya chanjo. Saa moja baada ya simu ya msiba ule Bonge alikuwa ameshafika kwa shemeji yangu Isevya, na shemeji anasema alilala mlangoni kwa chumba cha watoto, kama anavyolala kwetu.